Unyenyekevu na ule ugomvi wa Euodia na Sintike

Kazi yangu ni kufundisha Biblia na kukaa na watu waliokosana kanisani, na mstari ninaosomewa kuliko yote ni Wafilipi 2:3, ule wa "kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake". Shida ni kwamba kila upande unamsomea mwenzake. Unyenyekevu umeshakuwa fimbo, halafu tunashangaa amani haipatikani.

Sasa jamani someni yote hiyo barua ya Paulo kwa kanisa la Filipi, msiishie sura ya pili. Ukifika 4:2 unakutana na wanawake wawili, Euodia na Sintike, na hawa sio wasumbufu, Paulo mwenyewe anasema walipambana pamoja naye kwa ajili ya Injili, ila walikuwa hawapatani na habari zimemfikia mpaka kifungoni alikokuwa anaandikia. Hasemi nani ana kosa. Anamsihi huyu, anamsihi na yule, kila mmoja kwa jina lake, kisha anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Mi naona hapo tunapita haraka mno. Watu waliokomaa kabisa kiroho nao walihitaji msuluhishi, kwa hiyo kuita mtu mwenye busara akae katikati yenu sio aibu wala sio upungufu wa imani.

Na kumbuka Filipi ulikuwa mji gani. Baada ya vita vya mwaka 42 KK Warumi waliufanya koloni, askari waliomaliza utumishi wakapewa ardhi pale, kwa hiyo cheo na heshima vilikuwa kitu kikubwa sana. Watu wa mji kama huo ndo wanaambiwa wawe na nia ya Kristo, aliyetwaa namna ya mtumwa akafa msalabani, kifo ambacho raia wa Rumi kwa kawaida hakuuawa nacho. Hilo halikuwa neno jepesi kwao hata kidogo. Ila hata mitume walipata shida hapo hapo, Luka 22:24 inasema waligombania ukubwa usiku ule ule wa karamu ya mwisho, na Yohana 13 inaonyesha Yesu akiwaosha miguu, Yuda akiwemo.

Kwenye vitendo naanzaga na Mathayo 18:15, mwendee mkiwa wawili peke yenu. Sio kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, sio kwa mchungaji kwanza, wala sio kwa kuomba maombi huku unamwaga siri za mwenzio. Na kama kosa ni lako litaje lilivyo: "Kwenye kikao nilikukatiza mbele ya watu na nikasema huwezi kazi, nimekosa, nisamehe." Ukishasema hivyo nyamaza, usianze kueleza kwamba na wewe ulikuwa umechoka na yeye ndo alianza, maana hapo msamaha unageuka kesi mpya. Hii sehemu ndo ngumu kuliko zote, nimeona vikao vizuri kabisa vikiharibika hapo.

Lakini unyenyekevu sio kumezea kila kitu. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, Wagalatia 2:11, kwa sababu Petro alikuwa anawatenga watu wa Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi, mezani. Na mtu anayepigwa nyumbani au anayenyanyaswa na kiongozi wake msimwambie "nyenyekea tu mpendwa", huko ni kumsaidia mtesaji, huyo apelekwe mahali salama na vyombo vya sheria vihusishwe.

Halafu kuna wale ambao umewafuata, umeomba radhi, umeleta na msuluhishi, na bado hawataki. Warumi 12:18 inasema "kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote", basi upande wako ukishaufanya endelea kumsalimia, usitafute watu wa kukuunga mkono dhidi yake, na siku akija mpokee bila kumdai maelezo.