“Mara 1000” kwenye boksi la hadubini ya USB ina maana gani?

Hadubini ya USB ni kamera ndogo, ndugu ya ile iliyo juu ya skrini ya laptopu, ila lenzi yake imetengenezwa kutazama kitu kilicho karibu sana, na taa ndogo za LED zimeizunguka. Ukiichomeka, kwa kawaida kompyuta huitambua kama kamera nyingine yoyote. CD iliyo ndani ya boksi mara nyingi haina kazi: kwenye Windows programu ya Camera inatosha, kwenye Linux kuna Cheese au guvcview. Ukiona uso wako kwanza usishangae, badili kamera. Umeme inaupata kwenye waya huohuo wa USB, na kwa sisi wa Goma hilo si dogo: chaji ya laptopu ikiwepo, mtaa mzima unaweza kuwa gizani na wewe ukaendelea.

Sasa ile namba. Ukuzaji ni upana wa kitu unavyoonekana kwenye skrini, ukigawanywa kwa upana wake halisi. Weka rula ya mwanafunzi chini ya lenzi, halafu chukua rula nyingine upime kwenye skrini milimita 1 imefika wapi. Ikifika milimita 60, unakuza mara 60, hata boksi likipiga kelele za 1000. Unganisha laptopu hiyo na televisheni yenye upana mara mbili: ukuzaji umekuwa 120, na hadubini haijaona hata chembe moja mpya. Kwa hiyo namba isiyotaja skrini haikuambii kitu, sembuse ile iliyojazwa na zoom ya programu, ambayo kazi yake ni kutanua picha iliyokwisha kupigwa.

Cha kuuliza ni kama chombo kinaweza kutenganisha vitu viwili vilivyobanana. Tuseme kamera ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1600 kwa 1200, na eneo inaloliona lina upana wa milimita 4. Kila pikseli inabeba mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, yaani pikseli tatu tu, na kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe hiyo. Hutakiona. Fundi wa maabara anayetafuta malaria hutumia lenzi ya mara 100 iliyozama kwenye tone la mafuta, pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10. Mwanga unatoka chini na kupenya damu iliyopakwa kwenye kioo. Hiyo ndiyo 1000 ya kweli. Anayekuuzia kifaa cha USB akidai utapimia damu nyumbani, mwache na biashara yake.

Lakini kwa vitu visivyopenyeza mwanga, kifaa hiki kidogo kinafaa sana. Mafundi wa simu wa mtaa wa Birere wanaweza kukagua risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye bodi bila kukunja macho. Kipande cha lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, ambacho huhitaji kwenda mbali kukiokota, kinaonyesha vitundu vilivyoachwa na gesi na kuta zake zinazometa. Mimi napenda zaidi noti za dola, maana hapa mjini dola yenye mpasuko mdogo tu inakataliwa, ilhali wengi hawatazami maandishi yake. Kwenye noti ya 100 iliyoanza kutumika 2013, kola ya koti la Benjamin Franklin ina maneno THE UNITED STATES OF AMERICA kwa herufi ndogo mno. Kwenye noti halisi herufi zinasomeka. Iliyotolewa na printa ya kawaida hubaki na madoadoa ya rangi.

Risasi na vitu vingine vinavyong’aa hurudisha mwanga wa LED na kuacha doa jeupe katikati ya picha. Punguza taa kwa kigurudumu kilicho kwenye waya, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Tumia stendi, usishike kwa mkono, kwa sababu mtikisiko nao unakuzwa. Na kama programu yako inapima urefu wa vitu, kila unaposogeza lenzi juu au chini irekebishe upya kwa rula, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata ni vya uongo.