Barabara iliyokubali kukatika

Karibu na Skaftafell, kusini mwa Iceland, kuna boriti mbili za chuma zimelazwa kando ya barabara. Zamani zilikuwa za daraja. Sasa zimepinda na kusokoteka kama ukili ulioanzwa kusukwa ukaachwa. Mama Nasra aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa upesi kwa baridi, akaniuliza: "Baba Nasra, haya ni maji tu yaliyofanya hivi?"

Maji na barafu, nikamjibu. Nusu saa nzima nikawa nazizunguka boriti zile, yeye ananisubiri garini.

Kazi yangu ni maji ya barabarani: kalavati, mifereji, madaraja. Nimeifanya Dar es Salaam kwa miaka 17, na mke wangu amezoea kusimamishiwa gari Ruvu au Wami ili mumewe achungulie nguzo. Tulipodunduliza fedha za safari moja ya mbali, yeye alitaka kuona barafu, mimi nikataka kuona Barabara Namba 1, inayokizunguka kisiwa chote kwa zaidi ya kilometa 1,300. Tukaondoka mwezi wa saba, Dar ikiwa kwenye kipupwe na kwao ndiyo kiangazi, ingawa kiangazi chenyewe kilitutaka makoti. Jua halikutaka kuzama. Magharibi tuliisali saa sita kasoro usiku, na nje bado ungeweza kusoma gazeti.

Kuendesha upande wa kulia kulitusumbua siku moja tu. Kilichotufundisha adabu ni madaraja. Mengi ya vijijini ni ya njia moja, yana kibao kilichoandikwa "Einbreið brú", na anayefika kwanza ndiye anayepita. Mama Nasra ndiye aliyeshika usukani sehemu kubwa ya safari. Alikuwa akipunguza mwendo, anapima umbali wa gari la mbele, anawasha taa kidogo na kungoja. Upepo nao si wa kuchezea: ukifungua mlango bila kuushika unaweza kung'olewa bawaba.

Nirudi kwenye boriti. Ukanda ule wa kusini ni uwanda mpana wa mchanga mweusi ulioletwa na maji kutoka Vatnajökull. Hiyo ni barafuto, yaani tabaka nene la barafu linaloteleza taratibu, na ndiyo kubwa kuliko zote Iceland. Chini yake kuna volkano. Volkano ikilipuka, barafu inayeyuka kwa chini, maji yanajikusanya yasikokuwa na njia, mpaka siku yanapoinua barafu na kutoka yote kwa pamoja. Wenyeji wana neno lao, jökulhlaup. Kwa sababu ya mafuriko hayo, kipande hiki kilikuwa cha mwisho kuunganishwa. Mzunguko ulikamilika mwaka 1974, lilipofunguliwa daraja la mto Skeiðará lenye urefu wa karibu mita 900.

Mwaka 1996, mwishoni mwa Septemba, volkano ililipuka chini ya barafu. Wataalamu waliona maji yanakusanyika, wakajua yatakuja, wakangoja zaidi ya mwezi. Yalikuja tarehe 5 Novemba. Kwenye kilele chake yalipita mita za ujazo zaidi ya 40,000 kila sekunde. Chukua boza la maji tunalonunua mtaani, la lita 10,000. Ni maboza 4,000 kwa sekunde moja, tena yamebeba mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Daraja moja la jirani liliondoka lote. La Skeiðará lilipoteza sehemu tu, nyingine ikabaki imesimama. Hakufa mtu.

Fundi wa maji akisikia "lilipoteza sehemu tu", anauliza kwa nini. Nilishuka kwenye uwanda nikalitazama tuta la barabara kati ya daraja na daraja. Ni la chini. Sisi tumezoea kuona tuta refu kuwa ndiyo kazi nzuri, na mwanasiasa akija kuzindua anasifia kimo. Lile limelala karibu na ardhi kwa kilometa nyingi, limejengwa kwa changarawe iliyochotwa papo hapo. Maji yakizidi uwezo wa daraja, yanapanda juu ya tuta na kulichukua. Tuta ni fyuzi. Linakatika ili nguzo zisiondoke, kwa kuwa changarawe unairudisha kwa malori na katapila ndani ya siku chache, ila daraja ni miaka na fedha nyingi.

Na wakati mwingine hawangoji hata maji yalikate. Volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka Aprili 2010, ile iliyosimamisha ndege sehemu kubwa ya Ulaya, mafuriko yalielekea daraja la mto Markarfljót. Wakapeleka mitambo wakaichimba barabara yao wenyewe pembeni ya daraja, wakafungulia maji njia. Barabara ikakatika, daraja likapona.

"Waliikata wenyewe? Barabara kuu ya nchi?" Mama Nasra akauliza. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, akishika jambo haachi mpaka alimalize.

"Wenyewe. Walishaamua kabla ni wapi pa kupoteza."

Si kwamba hawashindwi. Julai 2011 mto Múlakvísl uliondoka na daraja zima, katikati ya msimu wa watalii, na mzunguko wa nchi ukakatika. Wakajenga daraja la muda kwa takriban wiki moja. Tulipolipita la kudumu, nilimwomba mke wangu asimame upande wa pili nikaangalie matuta ya mawe yanayouelekeza mto katikati ya nguzo. Mawe yale yamepangwa kwa mkono wa mtu anayejua, makubwa chini, yamebanana. Mawe ya namna hiyo huku kwetu hayamalizi masika mawili, watu wanayahitaji kwa misingi ya nyumba, na siwalaumu.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi ya boriti. Barafuto imekuwa ikirudi nyuma kwa joto la dunia, na mwaka 2009 mto Skeiðará ukahama, ukaungana na mto wa jirani. Daraja lile la karibu mita 900 likabaki limesimama juu ya mchanga, chini yake kijito tu. Mwaka 2017 barabara ikahamishiwa kwenye daraja fupi jipya. Nilitembea chini ya lile la zamani, viatu vikavu.

Hapa nyumbani niliwahi kufanya kazi kwenye barabara moja ya mtaani. Wakazi waliomba isizame tena, tukainua tuta karibu mita moja na kupitisha mabomba mawili. Barabara haikuzama. Masika ya kwanza maji yalisimama upande wa juu kama bwawa, yakaingia nyumba ambazo hazijawahi kuingiwa. Bibi mmoja alinionyesha alama ya tope ukutani, juu ya kitanda, akasema: "Mwanangu, mmetuletea ziwa." Bado naiona alama ile. Tulirudi kuongeza matundu, lakini godoro lake lilikuwa limeshaoza.

Ndiyo hesabu ya Jangwani pia. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kuingia baharini kwenye daraja la Selander, na Barabara ya Morogoro inalikata bonde lake. Kuinua barabara bila kuongeza upana wa kupitisha maji ni kuwahamishia mafuriko walio juu. Mpango wa bonde la Msimbazi una daraja jipya, la juu na refu zaidi, na kwa macho yangu huo urefu una maana kuliko kimo. Lakini Iceland uwanda ule hauna mtu. Sisi bonde letu lina nyumba, gereji, bustani za mchicha, taka na mchanga unaojaza mto kila mwaka.

Wiki iliyofuata baada ya kurudi, tulipanda mwendokasi kutoka Kariakoo. Tulipofika Jangwani Mama Nasra aliangalia dirishani, pande zote mbili, kama ninavyofanya mimi.

"Ungepewa wewe," akasema, "ungeikata wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Palikuwa na kamba ya nguo zimeanikwa, na mtoto amekaa kwenye ndoo anaoga. Tukashuka Magomeni Mapipa, na njia nzima ya nyumbani tukawa tunazungumzia mtoto yule angehamishiwa wapi kwanza.