Pesa ya Chakula Huvujia Wapi: Kitoweo, Nazi, Makaa na Kinywaji

Sehemu kubwa ya mchele na unga wa ngano unaoliwa Unguja na Pemba huja kwa meli. Bei yake hupangwa mbali na sisi, na anayekwenda dukani hana la kufanya ila kulipa. Kitoweo, nazi, makaa na kinywaji ni habari nyingine. Hivi tunavinunua karibu kila siku, kidogo kidogo, na kwa sababu ni kidogo kidogo hatuvihesabu. Humo ndimo nyumba nyingi zinaweza kuokoa pesa bila mtu kulala na njaa. Vipimo vilivyomo hapa ni vya nyumba ya watu sita. Mwenye wengi aongeze, mwenye wachache apunguze.

Tuanze na kitoweo. Wanaonunua dagaa kwenye masoko ya Darajani au Mwanakwerekwe, Unguja, wanajua kuwa bei hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, ila si wote wanaopanga manunuzi yao kwa kuifuata. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwakusanya kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa humezwa, dagaa hawakusanyiki, na vyombo vingi hubaki pwani. Kwa hiyo katikati ya mwezi wa Kiislamu, siku chache kabla na baada ya tarehe 15, dagaa huadimika. Kuanzia kama tarehe 22 hadi siku za mwanzo za mwezi unaofuata, hujaa. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani yatosha kukuongoza. Nunua dagaa wakavu siku za giza, kiasi cha kukufikisha giza jingine: anayepika dagaa mara mbili kwa wiki, robo kilo kila mara, kilo mbili humtosha mwezi mzima.

Dagaa mkavu mzuri anang'aa rangi ya fedha na huvunjika kwa mlio. Aliyegeuka manjano mafuta yake yameshaharibika, na uchungu wake hautoki hata umkaange kwa kitunguu na ndimu. Akiwa laini mkononi bado ana maji. Ukimweka hivyo kwenye kopo, wiki haiishi utakuta ukungu. Ukifika nyumbani mwanike tena juani saa moja au mbili, mwache apoe, kisha mfunge kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaokaza. Dagaa wengi wa kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke dakika kumi na uwaoshe kabla ya kupika, wala usiongeze chumvi mpaka uonje mchuzi. Nusu ya uzito wa dagaa mkavu au zaidi ni protini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, humpa mtoto madini ya kujenga mifupa ambayo kipande cha nguru hakimpi. Inasikitisha kuona nyumba inamhesabu dagaa kuwa chakula cha shida.

Pweza naye ana siku zake. Huokotwa kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maana ndipo bahari inapokupwa sana na miamba kubaki wazi. Angalia basi: mbalamwezi ile ile inayopandisha bei ya dagaa ndiyo inayoleta pweza. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali na samaki karibu wote hupanda. Hizo ni wiki za maharage, kunde, choroko na mbaazi, si za kushindana na hoteli kwenye mnada wa diko, pale pwani vyombo vinaposhushia samaki.

Kwa samaki wabichi, usilinganishe bei ya samaki na samaki. Linganisha kinachoingia mdomoni. Ukiondoa kichwa, mifupa, matumbo na magamba, samaki mzima hubaki na karibu nusu ya uzito wake. Kichwa na mifupa ukivitupa, umetupa pesa. Vichemshe kwa tangawizi, thomu (kitunguu saumu), ndimu na pilipili manga kwa dakika 20 hadi 30, chuja, na una supu ya usiku au maji ya kupikia mchuzi wa siku ya pili. Majirani watatu wakichanga kununua jodari mmoja mzima mnadani na kumgawa, kila mmoja hulipa chini ya yule aliyenunua vipande kwa mchuuzi wa mtaani.

Hapa pana hatari ya kuijua. Jioni wachuuzi hushusha bei ili wamalize, na wengi husubiri saa hiyo. Kwa changu au tasi aliyekaa kwenye barafu hakuna neno. Kwa jodari, vibua na nguru waliokaa juani tangu asubuhi bila barafu, bei hiyo ni ya mtego. Samaki wa jamii hizi wakipata joto hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kuchemsha wala kukaanga. Mlaji huwashwa uso, huvimba midomo, huumwa na kichwa na huharisha. Tazama macho yawe angavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Samaki asiye na barafu saa kumi jioni, mwache hata akiwa nusu bei.

Mbegu za jamii ya kunde ndizo kitoweo rahisi kuliko vyote, lakini watu huzikimbia kwa sababu ya makaa. Tatizo ni upishi. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja yaliyoiva, na yakirowekwa usiku kucha, saa 8 hadi 12, huiva kwa muda mfupi zaidi. Mwaga maji ya kurowekea, weka mapya, chemsha kwa moto mkali dakika kumi za mwanzo, kisha punguza. Maharage mekundu hasa hayataki kuliwa nusu mabichi, huumiza tumbo. Kosa linalokula makaa ni kutia tungule (nyanya), ukwaju au ndimu mapema. Uchachu hufanya ganda la maharage ligome kulainika, na unaweza kukaa kwenye seredani, yaani jiko la makaa, saa tatu ukidhani ni maharage ya zamani. Tungule na ukwaju vitiwe yakishaiva. Chemsha kilo nzima kwa siku moja, nusu ipike kwa nazi, nusu igandishe ikiwa na maji yake kwenye chombo cha mfuniko.

Nazi nayo ina hesabu yake. Itikise usikie maji, ipime uzito mkononi, na utazame macho yake matatu. Yakiwa na ukungu au unyevu, iache. Wengi hukamua mara moja tu na kutupa machicha yenye mafuta. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu (ya moto sana huunguza mkono), kamua kwa nguvu, chuja: hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Tia vikombe viwili vingine, sugua machicha dakika mbili, kamua: tui jepesi la kuanzia kupikia wali, mchicha au muhogo. Tui zito litiwe mwishoni, moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga upande mmoja ili lisikatike. Ukifuata hivi, nazi moja hufanya kazi ambayo wengine hufanya kwa mbili. Tui halivumilii joto, kwa hiyo lisilotumika mchana lisisubiri usiku nje ya friji. Nazi zikiwa rahisi, zikune kadhaa na uzigandishe zikiwa bado hazijakamuliwa.

Wali: kupima kwa kukadiria ndiko kunakozaa kiporo. Mtu mzima hutosheka na gramu 100 hadi 120 za mchele mbichi. Kikombe cha kawaida cha mililita 250 hubeba kama gramu 200, kwa hiyo vikombe vitatu hadi vitatu na nusu vyatosha watu sita. Ukizidi hivyo, kinachobaki kitaliwa kama bariyo au kitatupwa. Bariyo ni chakula halali kabisa, ila wali ulioiva usiachwe juu ya meza kutwa. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huota na vijidudu hutoa sumu isiyoondoka ukipashwa moto. Utandaze kwenye sinia upoe, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Asiye na friji apime mchele, basi.

Wala si lazima kila siku iwe wali. Muhogo, shelisheli, ndizi mbichi na majimbi hulimwa hapa hapa. Muhogo lakini haungoji: siku ya pili au ya tatu baada ya kung'olewa huanza mistari ya buluu na nyeusi ndani. Vunja ncha kabla ya kulipa, uwe mweupe. Ulionunua kwa wingi umenye, ukate, uugandishe siku ile ile.

Makaa yaliyobaki baada ya kupika ni pesa inayoendelea kuungua. Weka debe au kopo la bati lenye mfuniko karibu na jiko, tia makaa mekundu kwa koleo, funika. Yakikosa hewa huzimika bila maji, na kesho hushika moto upesi. Fanya hivi nje au penye upepo; makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Wali ukikauka maji, toa makaa ya chini, palia machache juu ya mfuniko, na uendelee na mchuzi kwa yale uliyotoa.

Kinywaji kina hesabu nyepesi inayoshangaza. Watu sita, kila mmoja vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe: kijiko kikiwa gramu 4, ni gramu 216 kwa siku, karibu kilo sita na nusu kwa mwezi. Kijiko kimoja kikipungua, huokoa zaidi ya kilo mbili za sukari kila mwezi. Mdalasini, iliki na mchaichai vikichemka vizuri, ulimi hauhisi pengo baada ya wiki mbili. Chupa ya soda ya mililita 330 hubeba kama gramu 35 za sukari. Anayetumia shilingi 1,000 kila siku kwa soda, mwaka ukiisha ametumia 365,000. Ukwaju na ubuyu hukaa vikavu miezi mingi, na mabungo yakiwa msimu hugandishwa. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, si kwa kikombe kinachozamishwa na kila mtu.

Ramadhani inahitaji maandalizi ya peke yake. Bei za ndizi na majimbi hupanda kwa sababu kila nyumba inavitaka jioni ile ile, na hivyo haviwekeki kwa muda mrefu. Vinavyowekeka ni kunde, choroko, maharage, unga, sukari na tende. Hivyo vinunuliwe Rajabu na mwanzoni mwa Shaabani, kila wiki kitu kimoja, vifungwe mbali na unyevu. Mfungo ukianza, mfuko wa sokoni ubaki na kazi ya vibichi tu.