Kabla Hujaanza Shahada ya Kemia

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, vijana wa Unguja na Pemba pamoja na wazazi wao hutuuliza kama kemia inafaa kusomwa kwa shahada, na kazi gani hupatikana baadaye. La kazi halina maelezo mengi: wahitimu wa kemia hufanya kazi katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, katika upimaji wa maji, chakula na dawa, katika ukaguzi wa viwango vya bidhaa, na katika skuli zetu. Linalohitaji maelezo ni namna ya kulisoma somo lenyewe, kwa sababu wengi huingia chuoni wakidhani kwamba kemia ya shahada ni ile ya sekondari iliyoongezwa majina ya kukariri. Kwa maoni yangu, dhana hiyo huwaangusha wanafunzi kuliko ugumu wa somo.

Tuchukue mafuta ya karafuu. Pemba kuna kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huko Wawi, Chake Chake, ambako mafuta hukenekwa kwa mvuke: mvuke wa maji huyabeba mafuta, kisha hupoozwa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254 hivi za Selsiasi; hata hivyo, ikiwa pamoja na maji hutoka na mvuke chini kidogo ya nyuzi 100. Mwenye kukariri ataandika kwamba ndivyo ilivyo. Mwanafunzi wa shahada anatakiwa aeleze sababu: maji na mafuta hayachanganyiki, hivyo kila kimoja hutoa kanieneo (msukumo) yake ya mvuke bila kuzuiwa na mwenzake, na mchanganyiko huchemka pale jumla ya kanieneo hizo mbili inapolingana na kanieneo ya hewa. Hiyo ni kemia ya kifizikia. Mvuke ukishapoozwa, mafuta hutuama chini ya maji, kwa kuwa eujenoli ni nzito kuliko maji, takriban gramu 1.06 kwa kila mililita.

Kazi haiishii hapo. Molekuli ya eujenoli, C10H12O2, ina kundi la hidroksili (oksijeni na hidrojeni) lililoshikamana na pete ya benzini, na kundi hilo, kwa kuweza kuachia hidrojeni yake, huifanya iwe asidi dhaifu. Ukiyatikisa mafuta pamoja na myeyusho wa hidroksaidi ya sodiamu, eujenoli hugeuka chumvi na kuingia kwenye maji, ilhali kariofilini, iliyomo pia katika mafuta hayo na isiyo na hidrojeni ya kuachia, hubaki juu. Ukitenga maji hayo na kuyatia asidi, eujenoli hurudi. Katika kazi ya alasiri moja mwanafunzi amepita kwenye kemia ya kaboni na katika mbinu za utenganishaji, na akipima amepata kiasi gani ameingia katika kemia ya uchanganuzi. Matawi haya hufundishwa kwa kozi tofauti zenye walimu tofauti, na anayeyasoma kama visiwa visivyofikiana hupata taabu kubwa mwaka wa tatu.

Hesabu ndiyo inayowakwaza wengi, na mara nyingi si hesabu ngumu. Ili kutayarisha mililita 250 za myeyusho wa hidroksaidi ya sodiamu wa moli 0.1 kwa lita, unahitaji moli 0.025 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe za kitu), yaani gramu 1.0, kwa kuwa moli moja ya hidroksaidi hiyo ina gramu 40. Gramu hiyo huyeyushwa kwanza katika maji kidogo, kisha maji huongezwa mpaka alama ya chupa ya ujazo. Asiyefahamu maana ya ujazo wa myeyusho humimina mililita 250 kamili juu yake na kupata kitu kingine. Tena, hidroksaidi ya sodiamu hufyonza unyevu na kabonidayoksaidi ya hewani, na hewa ya visiwa vyetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo uzito uliousoma kwenye mizani hauaminiki mpaka myeyusho uthibitishwe kwa kuupima dhidi ya asidi safi na kavu yenye kiasi kinachojulikana.

Logarithimu nazo zisipuuzwe. Pieichi, kipimo cha uasidi kinachohesabiwa kwa logarithimu, ya maji ya bahari ikishuka kutoka 8.2 hadi 8.1, namba inaonekana ndogo, lakini ayoni za hidrojeni zimeongezeka kwa karibu asilimia 26.

Daftari la maabara linastahili heshima zaidi kuliko linavyopewa. Andika kwa wino, papo hapo, ulichokiona na si ulichotarajia kukiona. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Tunasikitika tunapokuta matokeo yaliyonyooshwa ili yalingane na kitabu, kwa sababu kesho mtu huyohuyo huenda akatia saini cheti cha maji ya kunywa ya watu.

Anayengoja chuo kufunguliwa autumie muda huo kurudia moli, ubadilishaji wa vipimo, logarithimu na uchoraji wa molekuli, akifanya maswali machache kila siku kwa kalamu na karatasi, bila kutazama majibu kwanza. Na kwa kuwa masomo yatatolewa kwa Kiingereza, ajizoeze kumweleza mwenzake kila hoja kwa Kiswahili pia. Hatua atakayoshindwa kuieleza ndiyo ya kupeleka kwa mwalimu wiki ya kwanza.