Insha haifuti alama

Mzazi mwingine amenipigia wiki hii. "Mwalimu, mwanangu ana daraja la pili, ila amepitia mengi. Akiandika insha nzuri si watamchukua?" Najua kinachofuata: kuna kijana wa jirani alikwenda Marekani kwa insha tu. Hapana, mama. Hakuna anayeingia vyuo vya Marekani vinavyochuja sana, kama Amherst, Swarthmore, Grinnell au Bowdoin, kwa insha tu. Maneno 650 ya insha ya maombi humsaidia mtu ambaye rekodi yake ya darasani imeshaaminiwa. Rekodi ikitia shaka, insha ya machozi haiondoi shaka hiyo.

Na kuna wale wanaokata tamaa mapema kwa sababu ya C mbili za kidato cha nne. Nao wanakosea palepale: wanadhani cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani, ndicho chote kinachopimwa.

Hapa Tanzania mwombaji wa chuo kikuu huomba programu, na programu ina masomo yake. Huna Kemia na Biolojia, husomi udaktari, basi. Vyuo nilivyovitaja ni vya sanaa huria, ambako mwanafunzi husoma masomo ya aina nyingi kwanza. Chuo cha namna hiyo humpokea mtu chuoni, si kwenye programu, na kwa kawaida somo kuu huchaguliwa kuelekea mwisho wa mwaka wa pili. Kwa hiyo C ya Fizikia kwa binti mwenye A za Historia na Kiingereza haimfungii mlango. Lakini kwa kuwa hawaangalii somo moja, wanataka kuona sekondari nzima, mwaka kwa mwaka. Tazameni pia kalenda: mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai, na maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari. Anayeomba akiwa bado shuleni husomwa kwa cheti cha kidato cha nne, ripoti za shule na mtihani wa utamilifu (mock) kama umeshafanyika.

Ripoti zile ambazo wengi wenu mmezitupa.

Hapa sina haraka, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapopotezwa na watu wazima. Ripoti ya kidato cha tano inasema Jiografia 58. Kwa mizani ya kidato cha sita hiyo ni D, na ni ufaulu kamili unaohesabika kuingilia chuo kikuu. Katika shule nyingi za Marekani, chini ya 60 umefeli. Shule ikituma ripoti bila jedwali la viwango vya alama, afisa wa udahili anayeisoma atafanya nini? Atakisia, na hatakisia kwa faida yako. Jedwali liambatishwe, pamoja na wasifu wa shule: wanafunzi wangapi, mchepuo gani, wangapi walipata A ya Fizikia mwaka jana. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyeipata, B yako inasomeka tofauti kabisa. Nafasi darasani nayo iandikwe. Wa 4 kati ya 112 ni habari kubwa, hata wastani ukiwa 66.

Halafu kidato cha kwanza. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Alama zinaporomoka. Kila mwalimu wa Tanzania analijua hili, kwa hiyo hakuna anayeliandika! Afisa anayesoma maombi akiwa Iowa, Marekani, anaona mtoto aliyeanza na 41 na hajui kwa nini. Sentensi mbili katika barua ya shule zinatosha: lugha ya kufundishia ilibadilika, na tazameni alivyopanda hadi kidato cha nne. Kupanda huko ndiko kunakombeba mwenye alama zisizo kamili. Mwaka mmoja ulioharibika kwa malaria au kurudishwa nyumbani kwa ada unaelezeka vilevile, kwa tarehe na kwa ufupi, na ni bora aueleze mwalimu. Alama zilizokuwa za chini miaka yote bila sababu hazielezeki. Huyo simpeleki Amherst. Tunatafuta chuo kisichochuja hivyo.

Barua nyingi za mapendekezo ya walimu ninazoletewa zinasema mwanafunzi ni "mtiifu, mwenye nidhamu na ushirikiano". Barua hiyohiyo, jina tu limebadilishwa, imesainiwa kwa wanafunzi watano. Mwalimu mpendwa, andika alichofanya. Alikuuliza swali gani ukalazimika kwenda kulitafutia jibu? Nani alimfuata usiku kuelekezwa Hisabati?

Jambo moja hunisumbua. Utaratibu huu humpa nafuu mtoto ambaye mwalimu wake anaandika Kiingereza vizuri, na mtoto hakumchagua mwalimu huyo. Nimeona wawili wenye rekodi zinazolingana, mmoja akachukuliwa na mwingine akaachwa, na hadi leo siwezi kumweleza mzazi wa aliyeachwa kwa nini. Anayekuahidi uhakika kwa malipo anakuibia.

Na fedha. Amherst, na Bowdoin tangu 2022, hawaangalii uwezo wa familia wanapoamua kumpokea mwombaji kutoka nje ya Marekani. Vyuo vingi vingine huangalia. Maana yake mwenye alama zisizo kamili anayehitaji msaada wote ana kazi ngumu kuliko mwenye alama hizohizo ambaye baba yake analipa. Sipendi kulisema hili, lakini mzazi asiyelijua hutuma maombi yote kwenye vyuo ambavyo mtoto wake hana nafasi. Wengine hujibu kwa kukuza kipato kwenye CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa fedha chuoni. Msifanye hivyo. Ukiandika kwamba utalipa dola 15,000 kwa mwaka, chuo kitakupangia msaada kwa hesabu hiyo, na ubalozini, unapoomba viza, utatakiwa kuonyesha fedha hizo zilipo.