Kukodi baiskeli mji wa pwani: tunayoamini na ukweli wenyewe

Kila nikimwambia mtu anayeenda likizo akodi baiskeli auzunguke mji wa pwani nayo, napewa majibu yale yale, na mengi sio kweli. Vinavyompa mtu shida kweli barabarani wala havitaji. Acha niviseme hapa maana naupenda sana huu utembeaji, unasikia harufu ya bahari, unasimama popote roho ikipenda, hakuna basi linaloweza kukupa hiyo.

"Pwani ni tambarare, baiskeli yoyote inatosha." Tambarare ni ule ukingo wa bahari tu, ukiingia ndani mitaa miwili mitatu mambo yanabadilika. Cape Town imekaa chini ya mlima, San Francisco na Lisbon zote zina vilima vikali, tena hizo mbili zina reli za tramu katikati ya barabara, tairi jembamba likiingia kwenye ule mfereji wa reli unakwenda chini hapo hapo. Reli ivuke kwa kuikata, usiende nayo sambamba, na ikiwa imelowa ndio zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza habari za gia.

"Upepo wa bahari unapoza tu." Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda na ile ya baharini inakuja kujaza nafasi, ndio maana asubuhi kunakuwa kumetulia halafu kuanzia karibu na saa sita upepo unaanza, unakaza alasiri, na jua likizama unapungua. Sasa mtu anatoka na upepo mgongoni, hausikii kabisa, anajiona leo ana nguvu ajabu, anakwenda kilomita 15 bila kuchoka, halafu akigeuza ndio anakutana nao. Nguvu ya hewa inayokuzuia inapanda kwa mraba wa kasi, yaani ukienda kilomita 15 kwa saa na upepo wa kilomita 15 unakuja usoni, ni kama unakata hewa kwa 30, kizuizi kinakuwa mara 4 ya siku isiyo na upepo. Mimi nina kanuni moja, naanza safari kwa kwenda kinyume na upepo nikiwa bado na nguvu, ili unisukume wakati wa kurudi. Na kwenye njia panda zenye majengo marefu shika usukani kwa mikono miwili, upepo unatokea ubavuni ghafla.

Tena huo huo upepo unadanganya ngozi. Husikii joto, unadhani jua halikuchomi, kumbe miale inayounguza haihusiani na baridi unayosikia, na Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu wa ufukweni unairudisha juu kama asilimia 15, povu la bahari kama 25. Jasho nalo linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unapoteza maji bila kujua. Kunywa kabla ya kiu.

"Breki ni breki." La! Nchi zinazoendesha kushoto kama Uingereza, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia, nchi nyingi zinazoendesha kulia ni kinyume chake. Ukiwa mgeni ukashtuka ukabana kwa nguvu ule mkono uliouzoea, unaweza kujikuta umefunga gurudumu ambalo hukutaka. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi lakini inataka ubanaji wa taratibu, wa kuongeza. Zijaribu zote mbili palepale dukani ukiwa mwendo mdogo.

Kuhusu kiti, watu wanachagua kile kinene laini, nusu saa ya kwanza raha, baadae kinabana na kuchubua mapaja. Muhimu zaidi ni urefu wake: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Kikiwa chini sana magoti ndio yanayolipa.

"Kuacha pasipoti kama dhamana ni kawaida, haina neno." Wapo wanaoiomba kweli, lakini pasipoti kwa kawaida ni mali ya serikali iliyoitoa na ikipotea likizo yote inageuka kuwa safari za ubalozini. Toa pesa ya dhamana au nakala, wakikataa nenda duka jingine. Halafu piga picha baiskeli pande zote, mikwaruzo, rimu, spoki, mbele yao, dakika 2 tu, zinamaliza ubishi wote wa jioni.

La mwisho ni hili la kupita mchangani pale maji yanapoishia, kwa sababu ule mchanga mgumu unapitika vizuri na picha zinatoka nzuri. Unapitika ndio, lakini maji ya chumvi yanaingia kwenye bering na cheni, chuma kinaanza kutu haraka sana na mchanga unaisaga cheni. Hiyo baiskeli kesho itachukuliwa na mgeni mwingine. Kama imeshagusa maji ya bahari, kabla ya kuirudisha omba maji ya bomba, mwagia taratibu bila presha, futa cheni kwa kitambaa, na umwambie mwenyewe ilipita wapi ili aipake oili.