Mashine ya kufua haiingizi maji? Sio lazima iwe bodi

Yani mashine ikinguruma tu bila kuingiza maji, watu washasema "bodi imeungua", yani ile saketi ya umeme inayoiongoza mashine, na fundi anakubali fasta, bodi si ndo yenye hela. Mara nyingi wala sio bodi. Zima umeme, funga bomba, fungua ule mpira wa maji nyuma ya mashine uchungulie kwenye tundu, kuna kachujio kadogo ka plastiki, kavute na koleo taratibu, kwa haya maji yetu ya kisima na maboza utakuta kamejaa mchanga na kutu, kasugue na mswaki ukarudishe.

Kama ni kasafi basi angalia presha, na hii wengi hawaijui kabisa. Kila mita 10 za kimo cha maji ndo baa 1 (baa ni kipimo cha presha), so simtanki iliyo mita 3 juu ya mashine inakupa kama baa 0.3 tu, wakati mashine nyingi zinataka kuanzia 0.5 na zingine 1 kabisa, maji yanachuruzika weee mpaka mashine inachoka kusubiri inaleta eror. Hapo hata ubadilishe bodi mbili hutoboi, funga kapampu ka kuongeza presha au inua tenki.